Maji ya Kwenda na Kurudi

9 Januari

Nimechoka. Naandika hilo mwanzoni ili nisilirudie kila siku, ingawa najijua, nitalirudia. Mvua haijakatika tangu Jumapili, mpunga unaingia mjini ukiwa umeloa chapachapa, na wanawake wa Kasuku, mtaa wetu hapa Kindu, wanazaa kana kwamba wameambizana. Leo usingizi wangu wote niliupata juu ya kiti. Sandrine, muuguzi mwenzangu, hakuwa na huruma ya kunificha kwamba nilikoroma mbele ya wageni.

Jambo jema ni moja tu, chumba cha joto. Nyuma ya ukuta wa materinite, hospitali yetu ya wazazi, kuna kinu cha mpunga cha Papa Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo. Moteri yake hainywi mazutu, yaani dizeli, inakula pumba. Pumba za mpunga zinaunguzwa polepole ndani ya pipa kubwa la chuma, zinatoa gesi, gesi inaendesha moteri, na moteri inakoboa mpunga na kuwasha taa za barabara yetu. Joto lote lililobaki lilikuwa linapulizwa nje bure. Fundi wake, Arsène, ndiye aliyemshawishi alikusanye. Sasa maji yanapita kwenye moteri na kuipoza, yanabeba lile joto kwenye bomba lililozikwa ardhini, yanapita chini ya sakafu ya kukaushia mpunga, yanakuja kwetu, yanazunguka kuta za chumba kimoja kidogo, kisha yanarudi kwenye moteri kuanza upya. Maji ni yale yale, ya kwenda na kurudi. Katika chumba hicho tunaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao.

Kasereka ana mkono wa birika, mji mzima unajua. Siku ya kufungua bomba alinitazama machoni akasema: “Mama Françoise, mimi niko muchuuzi, siko misheni. Ile joto ninakupa sababu ilikuwa ya kutupa. Siku itaanza kunikula feza, ninafunga.”

Nilimjibu asante. Ningefanya nini?

12 Januari

Mvua. Vitanda vimejaa. Hakuna sabuni.

15 Januari

Aïcha amejifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati, mdogo kiasi kwamba Sandrine alimbeba kwa viganja viwili na viganja vikabaki na nafasi. Mume wake, Twaibu, yuko Kibombo kwenye mavuno ya mpunga. Kwa hiyo aliyekuja na Aïcha ni mama yake mzazi, Zainabu, na Zainabu akija mahali hakuna asiyejua kwamba amekuja.

Kabla sijamaliza kukata kitovu alikuwa ameshauliza maji ya moto yako wapi. Mzazi lazima akandwe, asubuhi na jioni, mpaka arobaini itimie. Mimi pia nilikandwa na mama yangu hivyo hivyo, kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ambayo mkono wa kawaida hauvumilii, tumbo, kiuno, mgongo, huku nikilia na yeye akinigombeza. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ni na moshi. Uani kwetu kila familia inawasha jiko lake, kuni zimelowa, na moshi wote unaingia wodini.

“Muganga,” Zainabu aliniambia, “ile jiko yenu inatoa machozi tu, haitoe moto.”

Mtoto tumemweka kwenye chumba cha joto. Alikuwa na rangi ya majivu. Jioni alikuwa na rangi ya mtu.

18 Januari

Mke wa Arsène naye amejifungua mapema. Anaitwa Sabine, mnyamavu, hana ndugu hapa Kindu. Watoto wao wakubwa wako Butembo kwa bibi. Alipoteza damu nyingi. Mtoto ni msichana, Kavuo. Kwao jina linakuja kwa zamu ya kuzaliwa, halingoji mtu aumize kichwa. Ni mdogo kuliko yule wa Aïcha, na kifua chake kinanipa wasiwasi.

Arsène alisimama mlangoni mwa chumba cha joto na mafuta ya mashine kwenye mikono, akakataa kuingia asije akachafua. Aliweka kiganja ukutani, mahali bomba linapopita.

“Iko muzuri,” alisema. Sijui alimaanisha bomba au mtoto.

22 Januari

Mtoto wa Aïcha amepewa jina, Sumaili, la babu yake. Zainabu alileta wali na kuku, tukala tukiwa tumesimama. Amegombana na Sandrine kuhusu kitanda, na mfagiaji kuhusu ndoo, na mimi kuhusu mambo yote yaliyobaki. Mwanamke huyu atanimaliza.

25 Januari

Arsène alipita akifuata njia ya bomba kwa chepe, mvua ikimnyeshea. Maji ya moteri yanapungua. Anasema kuna tundu mahali fulani chini ya ardhi.

Uani moshi umepungua. Labda kuni zimekauka kidogo. Nashukuru.

27 Januari

Siku tulivu, kwa hiyo akili imekwenda inakotaka yenyewe.

Nilianza kazi hii wakati wa vita. Kindu ilikuwa imefungwa kama chupa: waliokuwa mjini hawatoki, waliokuwa msituni hawaingii bila kupiga risasi, treni ilikuwa imekufa, na chumvi ilikuwa mali ya watu wakubwa. Kuni zilikuwa msituni na msitu ulikuwa na wenyewe. Wanawake waliokwenda kutafuta kuni, wengine walirudi na mambo ambayo hawakuyasema, wengine hawakurudi. Basi tuliunguza madawati ya shule. Madawati yalipokwisha tuliunguza milango. Maji tuliyochemsha kwa milango hiyo tulitia kwenye chupa, tukazifunga kwa vitambaa na kuwapanga watoto wachanga katikati yake. Chupa zikipoa, tunachemsha tena. Usiku ule mlango wa mwisho ulipoisha sitauandika.

Ndiyo maana siku Arsène alipofungua bomba na ukuta ukaanza kupata joto polepole, nilitoka nje nikajifanya naangalia mawingu. Sikutaka Sandrine anione nalia. Joto bila kuni, bila mwanamke kwenda msituni. Yeye amezaliwa baada ya yote yale, anaona ni bomba tu.

30 Januari

Arsène amechimba mtaro mpya kando ya sakafu ya mpunga. Hakuona tundu.

“Maji inapunguka, mama. Kila asubui ninaongeza, kila mangaribi imeshuka. Ninakosa usingizi.”

Nilimwambia kukosa usingizi ni ugonjwa wa mtaa huu. Alicheka kwa adabu.

2 Februari

Mvua ya mawe. Bati moja limeruka.

4 Februari

Kasereka alikuja mwenyewe, mwavuli mkubwa, viatu vyeupe. Alitembea na Arsène kutoka kinu hadi ukutani kwetu akihesabu hasara kwa sauti ili nisikie. Mpunga wa watu uko kwenye sakafu yake, umelowa, na sakafu haipati joto la kutosha. Wenye mpunga wanamlaumu yeye.

“Kama tundu iko upande wa materinite,” alisema, “ninakata upande wa materinite.”

Nikamwambia upande wa materinite una watoto wawili. Akatazama viatu vyake vilivyokuwa vinaingia matope. Mtu huyu nikimfikiria sana napandwa na hasira, na hasira inakula nguvu ambazo sina.

7 Februari

Sumaili anaongezeka. Kavuo anasuasua, leo mbele, kesho nyuma. Sabine anakaa kando yake mchana kutwa na haombi kitu. Hakuna anayemkanda. Nilimwambia Sandrine tutamtafutia mtu, kisha wakaja wazazi watatu kwa mpigo na tukasahau.

Wanawake wengi wageni wanapita uani siku hizi, wengine hata sijawazalisha. Nilimuuliza mmoja anamtafuta nani, akasema amekuja kumsalimia mzazi. Kindu ina upendo mwingi ghafla.

11 Februari

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Baada ya chakula cha mchana kinu kilinyamaza. Tumezoea ngurumo yake kiasi kwamba ukimya ndio ulionistua. Taa ya chumba cha kuzalia ikazimika. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kutulia, isiyo na haraka ya kwenda popote. Nilisikia Arsène akipiga kelele kinuni, kisha nikamwona anakuja mbio akifuata bomba, akiinama, akigusa ardhi kwa mikono. Moteri ilikuwa imechemka, na kifuniko chake cha juu kimepasuka. Maji yalikuwa yamekwisha ndani.

Alizunguka nyuma ya bafu letu, nami nikamfuata na mwavuli usiofaa kitu. Huko nyuma, chini ya ukingo wa bati, bomba linatoka ardhini na kuingia ukutani, na hapo Arsène alikuwa ameweka robine, koki ndogo ya kutolea hewa.

Kulikuwa na foleni.

Wanawake wenye ndoo, mabeseni, sufuria, wamepangana vizuri kuliko tunavyopangana kanisani. Mbele kabisa alikuwa Zainabu, ndoo yake imefika nusu, na robine ilikuwa inakohoa hewa. Mama mmoja ambaye sikumjua alinigeukia kwa heshima zote.

“Mama muganga, ile maji ya nguvu imekwisha?”

Nilimuuliza maji gani ya nguvu. Wakanieleza wote kwa pamoja, kwa furaha, kama watu wanaompa mgeni habari njema. Maji ya mashine yanatoka ya moto tayari. Tena ni mekundu kidogo, yana chuma ndani, na chuma kinakaza tumbo la mzazi kuliko maji ya kuni. Binti wa fulani alikandwa nayo akatembea siku ya pili. Sasa wanakuja hata wa ng’ambo ya mto, wanavuka na ndoo. Hakuna aliyejificha. Waliniona napita kila siku wakadhani najua. Na robine iko ukutani mwa materinite; maji ya moto ukutani mwa materinite yatakuwa ya nani kama si ya wazazi? Hakuna mtu mwenye akili anayemnyima mzazi maji ya moto.

Wekundu ule ni kutu ya bomba. Sikusema.

Arsène hakufoka. Ningependa angefoka. Alipita katikati yao akisema “samahani, mama, samahani,” akafunga robine, akaweka kiganja kwenye bomba akakiacha hapo.

“Ile maji haiondoke,” aliwaambia. “Inaenda, inarudia. Iko ileile. Mukitoa, hakuna ya kurudia.”

Zainabu alitazama ndoo yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: “Tunaweza kuirudisha?”

12 Februari

Kavuo amefariki alfajiri.

Tulifanya kila tulichojua. Nilimweka kifuani mwa Sabine, ngozi kwa ngozi, nikawafunga kwa kitenge na blanketi juu. Lakini Sabine hana damu, alikuwa anatetemeka yeye mwenyewe, na kuta za chumba zilipoa upesi kuliko nilivyodhani. Tulichemsha maji tukatia kwenye chupa. Nilipokuwa nazifunga kwa vitambaa mikono yangu ilifanya kazi yenyewe, ilikuwa inakumbuka, nami nilitamani kuikata.

Kifua chake kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Labda angekwenda hata kwenye joto. Labda. Neno hilo nimelitumia mara nyingi katika kazi hii na bado halijawahi kunituliza.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Arsène. Alikuwa sakafuni kinuni, moteri imefunguliwa, vipande vimepangwa juu ya gunia. Aliponiona akaweka spana chini polepole.

“Alisikia baridi?” aliniuliza.

Nilisema hapana, alikuwa kwa mama yake. Sehemu ya pili ni kweli.

13 Februari

Tumemzika. Mvua ilisubiri tukamaliza.

14 Februari

Kifuniko kipya cha moteri hakipatikani Kindu. Njia ya Goma imefungwa na vita, vingine tena, sijui ni vita vya ngapi katika maisha yangu. Kitatoka Lubumbashi kwa treni. Treni ikija.

Sasa Sumaili. Chumba chake ni baridi kama vyumba vingine. Nilimtoa humo usiku ule ule moteri ilipozima, nikamfunga kifuani kwa Aïcha, na leo nimemweleza Zainabu mbele ya wote, bila kulainisha: mtoto asiwekwe chini. Si kitandani, si kwenye kikapu, si dakika ya kupepea nzi. Joto lake ni la mtu mpaka moteri iwake.

Zainabu alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha neno. Nikajikuta namkumbuka yule mwanamke aliyekuwa anagombana na kila kitu chenye miguu.

17 Februari

Aïcha ana homa, malaria. Anakamua maziwa kwenye kikombe na meno yanagongana. Zainabu amevua blauzi akamchukua mtoto kifuani kwake. Ngozi yake imelegea, na Sumaili amezama humo hadi anaonekana utosi tu. Anakaa kwenye kiti kilichoegemea ukuta. Analala hapo, anakula hapo, anaswali hapo kwa ishara.

19 Februari

Treni imefika Kibombo na kukwama. Maji yamekula tuta la reli.

Zainabu yuko palepale kwenye kiti.

20 Februari

Wanawake wale wageni hawaji tena. Uani moshi umerudi.

21 Februari

Leo lazima niandike habari za Kasereka, ingawa nikisoma hapa mwakani nitadhani nilitia chumvi.

Zainabu aliamka na homa, alikuwa anawaka, nikamlazimisha alale chini na kumpa dawa. Aïcha bado hajiwezi. Nilimchukua Sumaili kifuani mwangu, nikafanya kazi naye hivyo. Saa hiyohiyo mwanamke mmoja akaanza kusukuma kabla ya kupanda kitanda, na mwingine nyuma yake akaanza kutoka damu, na Sandrine alikuwa kwa huyo wa pili. Mlango ukafunguliwa, akaingia Kasereka na mwavuli wake.

“Mama Françoise, nimekuja juu ya ile bomba. Nimeamua. Tena nataka majina ya wale bamama—”

“Fungua shati,” nilimwambia.

“Nini?”

“Shati. Vifungo. Upesi.”

Sijui ni kitu gani kilimfanya atii. Labda uso wangu. Nilimkalisha kwenye kiti cha Zainabu, nikamweka Sumaili kwenye kifua kile cha tajiri, nikamfunga kwa kitenge cha Zainabu chenye harufu ya mafuta ya mawese, nikamwambia: “Usisimame. Usimutikise. Akiacha kupumua, uniite.” Nikakimbia.

Niliporudi, mvua ilikuwa imebadilika mara kadhaa na kulikuwa na mtoto mpya duniani. Kasereka alikuwa amekaa vilevile. Shingo imekakamaa, jasho linamtoka. Mikono ameikumbatisha pembeni ya kile kifurushi bila kukigusa, kama mtu aliyebebeshwa mayai ya watu.

“Anapumua,” alinong’ona. “Nilikuwa naangalia. Mara moja aliacha kidogo, nikasema mimi nimekwisha, kisha akarudia.”

“Wanafanya hivyo.”

“Mama Zainabu anakaa hivi siku zote?”

“Siku zote.”

Akauliza, macho chini: “Ule wa Arsène naye alikuwa hivi? Mudogo hivi?”

“Alikuwa mudogo zaidi.”

Nilipomfungua kitenge aliondoka bila kufunga vifungo vizuri. Ya bomba hakuyasema. Majina hakuyauliza. Sitasema kwamba amekuwa mtu mwingine, mimi si wa kuamini haraka. Lakini hasira niliyokuwa nimemwekea nimeitafuta jioni hii nikakuta imepungua.

24 Februari

Twaibu, baba wa Sumaili, amefika kutoka Kibombo kwa pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Kasereka alimpigia simu, naye akaenda kwenye treni iliyokwama, akakichukua kile kifuniko cha moteri, akakifunga mgongoni kwa kamba jinsi mama anavyofunga mtoto, akaja nacho. Alianguka mara nyingi. Alinionyesha bega. Kifuniko hakina hata mkwaruzo.

Alimkabidhi Arsène mkononi. Twaibu alikuwa ameshaambiwa habari za Kavuo, alijaribu kutoa pole, akashindwa katikati. Arsène akampokea kile chuma na kumwambia aende akamwone mwanawe.

26 Februari

Moteri imewaka.

Nilikuwa nimeshika ukuta nilipousikia mlio. Ilichukua muda, kwanza hakuna kitu, halafu kama mtu amepumulia rangi, halafu joto. Sandrine alikuja akaweka shavu lake ukutani. Safari hii yeye ndiye aliyelia, nami nilimwangalia na kuona kumbe na yeye sasa anajua.

Zainabu alikataa kumtoa Sumaili kifuani. Anasema ukuta umeshamdanganya mara moja.

1 Machi

Arsène ameweka pipa nyuma ya bafu. Ndani ya pipa amezungusha bomba la shaba, kama nyoka aliyejikunja. Maji ya moteri yanapita ndani ya bomba hilo na kurudi kinuni bila kupungua. Nje yake, ndani ya pipa, unatia maji ya kisima au ya mvua, nayo yanapata moto karibu kuunguza mkono. Ya kukandia yanachotwa hapo. Yale ya mashine hayaguswi, na robine ya hewa ina kufuli.

Aliwaeleza wanawake mwenyewe, mmoja mmoja, wanavyokuja na ndoo. Nilisimama dirishani nikimsikiliza. Mtu aliyezika mtoto juzi anamwonyesha mama mgeni jinsi ya kufungua pipa bila kuungua.

Nilimuuliza baadaye kwa nini asimwache mwingine afanye. Alisema: “Wasipoelewa, watarudia. Wakirudia, ni mutoto wa mwingine.”

Pipa Kasereka amelitoa bure. Shaba amenuna kidogo, lakini ametoa.

5 Machi

Mvua asubuhi, jua mchana. Mpunga unakauka.

9 Machi

Sumaili ametoka. Amefikia uzito wa kwenda nyumbani, ananyonya bila kusahau. Aïcha amepona. Twaibu alileta pikipiki hadi mlangoni, akapangusa kiti mara tatu.

Zainabu alibaki nyuma. Aliwatanguliza wote nje, akarudi ofisini kwangu na kufunga mlango. Amekonda. Kifuani, juu ya kanga, alikuwa bado anajishika kama kuna mtu.

“Muganga, uniambie kweli. Kavuo wa Sabine alikufa sababu ya maji yangu?”

Nimekuwa nikiliogopa swali hilo tangu siku ile. Nilikuwa nimeandaa majibu mazuri: kifua cha mtoto, damu ya mama, Mungu. Nilimtazama nikaona kwamba akitoka humu na jibu zuri atajua ni zuri.

“Kifua chake kilikuwa kigonjwa,” nilisema. “Pengine angekufa tu. Lakini chumba kilipoa sababu ya maji yaliyotolewa. Yalitolewa na watu wengi. Yako yalikuwamo.”

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mtu mzima, mbele ya mwanamke niliyesema atanimaliza.

“Sabine, nani anamukanda?” aliuliza.

“Hakuna.”

13 Machi

Sandrine anasema Zainabu anaonekana kila asubuhi akikatiza mtaa na ndoo kichwani, anakwenda nyumbani kwa Arsène. Sabine hafungui. Zainabu anakaa kizingitini mpaka maji yanapoa, anayamwaga, anakwenda zake. Jioni anarudi na mengine.

Nilitaka kumwambia aache. Sijamwambia.

16 Machi

Jumapili. Mvua ndogo.

19 Machi

Nilikwenda kumpima Sabine, ilikuwa zamu yangu na nilikuwa nimeiahirisha kwa woga. Mlango ulikuwa wazi.

Sabine alikuwa amekaa kwenye kigoda cha uani, mgongo wazi, amegeukia ukuta. Zainabu alikuwa nyuma yake amepiga magoti, ndoo inatoa mvuke, mikono imeiva kwa moto. Anachovya kitambaa, anakamua, anabandika kiunoni, anakandamiza kwa uzito wake wote. Anachovya tena. Arsène alikuwa amesimama jikoni, kikombe mkononi, amewapa mgongo. Sikuingia. Nilisimama pale mlangoni na mfuko wangu wa kazi.

Nilimwona Sabine mabega yakishuka, kidogo, kisha zaidi. Zainabu akasita, kitambaa mkononi.

“Iko moto sana, mwanangu?”

Sabine alifuta uso kwa kiwiko.

“Hapana, mama,” alisema. “Ongeza.”